Joy Adamson: kabla ya simba kulikuwa na brashi

Ndugu zangu wa Pwani, mtoto wa karibu na miamba huonywa mapema: ganda zuri lenye umbo la pia, liache palepale. Ndani yake mna konokono wa bahari mwindaji, mwenye jino la sumu mfano wa chusa. Wengine huchoma samaki na kummeza mzima, na wapo waliokwisha kuua watu. Lakini kinachobaki kabatini ni ganda tu. Mnyama mwenyewe akifa husinyaa, rangi ikapotea. Wa kutuonyesha alivyokuwa hai ni mchoraji.

Kazi hiyo ya kuiwahi rangi ndiyo aliyoanza nayo Joy Adamson hapa Kenya, ingawa yeye alianza na maua. Alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 mjini Troppau, ambao leo uko Jamhuri ya Cheki, akaitwa Friederike Viktoria Gessner. Alifika Kenya 1937. Mwaka uliofuata aliolewa na Peter Bally, mtaalamu wa mimea wa Makumbusho ya Coryndon, Nairobi. Bally ndiye aliyempa jina la Joy. Mume akikusanya mimea, mke akiichora kabla haijanyauka. Mwaka 1947 michoro hiyo ilimpatia nishani ya dhahabu Uingereza.

Kufikia hapo alikuwa ameolewa na George Adamson, ofisa wa wanyamapori, tangu 1944. Kuanzia 1949 serikali ya kikoloni ilimwagiza achore jamii za Kenya na mavazi yao. Alizunguka nchi kwa miaka, akaacha mamia ya picha. Kisha akaja Elsa, simba jike, na kitabu Born Free cha 1960. Dunia ikamjua kwa simba, brashi ikasahauliwa.

Aliuawa Shaba tarehe 3 Januari 1980. Habari za kwanza zilimsingizia simba. Uchunguzi ulionyesha ni mkono wa binadamu, na aliyewahi kumfanyia kazi akahukumiwa.

Makumbusho yale leo ni ya Taifa, kilimani kati ya katikati ya jiji na Westlands, na picha zake zimo. Ukifika Nairobi, pita uzione. Nanyi vijana wetu wenye kipaji, maua ya bara yalipata mchoraji wake. Miamba yetu iko mlangoni, na maganda yake yanauzwa kwa watalii kila siku. Mchoreni konokono yule angali hai, kwa macho tu, bila kumshika.