Duara na Nukta Kaburini Nyeri

Nilipokuwa Naro Moru, chini ya Mlima Kenya, kijana mmoja alinihakikishia kuwa Mzungu mashuhuri aliyezikwa Nyeri alikuwa Freemason. Ushahidi wake? Duara lenye nukta katikati, lililochongwa kaburini.

Basi nikateremka Nyeri, nikalizuru. Kaburi ni la Robert Baden-Powell, aliyezaliwa London mwaka 1857. Alikuwa askari wa dola ya Kiingereza. Mwaka 1899 hadi 1900 alizingirwa Mafeking, Afrika Kusini, siku 217. Mwaka 1907 alipiga kambi na vijana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, na huo ukawa mwanzo wa Skauti. Uzeeni alihamia Nyeri, akakaa katika nyumba aliyoiita Paxtu, akafariki tarehe 8 Januari 1941.

Ni kweli Wamasoni, ambao baraza lao kuu la kwanza liliundwa London mwaka 1717, nao wanalo duara lenye nukta. Lakini jina la bwana huyu halikupatikana katika madaftari yao. Kwa Skauti, alama hiyo huchorwa njiani mwisho wa safari, na maana yake ni kuwa mwenzenu amekwisha rudi nyumbani.

Nami, niliyefunzwa chuoni tangu udogoni kuwa baadhi ya dhana ni dhambi, nilikuwa nimekwisha kumsadiki yule kijana! Msomaji mwenzangu, maiti hana ulimi wa kujitetea. Tuulize kwanza, ndipo tuhukumu.