John Kirk: Mwanasayansi katika Siasa za Pwani Yetu

Sisi tunaokwenda Bagamoyo kwa hija tunayafahamu maeneo yake: msalaba wa ufukweni, mnara wa kanisa la zamani, makaburi ya wamisionari. Tunakumbuka kwamba Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapo mwaka 1868, wakawapokea watu waliokombolewa utumwani. Mara chache tunajiuliza biashara ile ilianzaje kuvunjwa. Sehemu ya jibu ni maisha ya mtu ambaye hakuwa padre wala askari: John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea.

Kirk alizaliwa Scotland mwaka 1832, akasomea udaktari Edinburgh. Mwaka 1858 alijiunga na msafara wa David Livingstone kwenye mto Zambezi, akiwa tabibu na mtafiti wa mimea. Inasimuliwa kwamba siku moja mswaki wake ulipata sumu ya mishale aliyokuwa ameikusanya. Alipoutumia, aliona mapigo ya moyo wake yamepungua. Mwingine angeutupa mswaki na kusahau. Yeye alitafakari alichokiona, na mmea uliotoa sumu ile ukaja kutoa dawa ya moyo.

Mwaka 1866 alifika Unguja kama daktari kwenye ofisi ya konsuli wa Uingereza, na baadaye akawa konsuli mwenyewe. Mapema mwaka 1873 Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali yake, alifika kumtaka Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa. Sultani alikataa. Kimbunga cha Aprili 1872 kilikuwa kimeangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuvunja vyombo vyake, na sasa alitakiwa kupoteza pato jingine. Frere aliondoka mikono mitupu. Kirk ndiye aliyebaki kumshawishi Sultani, naye akapewa agizo la kumwonya kwamba manowari zitaifunga bandari. Mkataba ukatiwa saini tarehe 5 Juni 1873. Soko la Unguja likafungwa, na kusafirisha watumwa baharini kukapigwa marufuku. Tuseme ukweli: hapo manowari zilisema zaidi kuliko hoja.

Serikali ingeweza kuridhika na karatasi ile. Lakini ofisi ya konsuli ilimtuma Frederic Elton aende kwa nchi kavu kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa aone mwenyewe. Kwa muda wa kama mwezi mmoja, kati ya Desemba 1873 na Januari 1874, Elton alihesabu watumwa zaidi ya 4,000 wakiswagwa kuelekea kaskazini. Bahari ilikuwa imefungwa, basi wafanyabiashara wakageukia njia ya miguu. Kimbunga hakikuiharibu Pemba kama Unguja, na mikarafuu yake ilihitaji mikono. Misafara ikapanda kupitia pwani hii yetu hadi Pangani na mbele zaidi, palipo karibu kuvuka.

Hesabu ile ilionyesha wazi kwamba sheria ilihamisha mateso badala ya kuyamaliza. Sasa Kirk alikuwa na ushahidi wa kumwekea Sultani mezani. Mwezi Aprili 1876 Barghash alipiga marufuku misafara ya watumwa kutoka bara, pamoja na kuwapitisha watumwa kwa nchi kavu pwani.

Kirk alijua pia kwamba ukimnyang'anya mtu biashara yake bila kumwonyesha nyingine, atairudia ile ya zamani usiku. Katika misitu ya karibu na Dar es Salaam alichunguza mmea unaotambaa juu ya miti na kutoa utomvu wa mpira, akapeleka sampuli kwenye bustani ya Kew huko London. Mmea huo ukapewa jina lake, Landolphia kirkii, na mpira ukawa bidhaa ya halali yenye soko.

Hata hivyo elimu yake ilikuwa na mpaka. Mwaka 1885 Wajerumani walidai nchi za bara kwa mikataba ya Carl Peters, na mwezi Agosti manowari zao zikatia nanga mbele ya Unguja. Waingereza walioijua pwani hii kama Kirk walikuwa wachache mno, lakini London ilikuwa imekwisha kuamua. Aliagizwa asiwapinge Wajerumani, bali amshauri rafiki yake Barghash akubali. Alitii, na mwaka 1886 aliondoka Unguja.

Hapa ndipo maisha yake yanapotufundisha. Sayansi ilimwambia mtawala mambo yalivyo. Haikuweza kumlazimisha kutenda haki; hiyo ni kazi ya dhamiri. Lakini dhamiri nayo bila hesabu ya Elton ingelala usingizi ikidhani kazi imekwisha. Sisi tunaojiandaa kuongoza jumuiya, na sisi tunaokaa katika halmashauri za parokia na za vijiji, hupitisha maazimio mengi kisha tukapiga makofi. Ni wangapi kati yetu hurudi njiani baada ya mwaka kuona nani bado anaumia?

Kirk alifariki Januari 1922. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria hapa Tanganyika mwaka huohuo. Wale 4,000 waliohesabiwa njiani hawakuandikwa majina. Tukifika Bagamoyo tena, tuwaombee.