Marehemu Edward Saidi Tingatinga, Mchoraji

Hapa Mpanda kila mtoto ajua maana ya tingatinga: ni mtambo ule mkubwa usukumao udongo barabarani. Kwa hiyo mwalimu wetu alipotueleza muhula huu kwamba Tingatinga alikuwa mtu, darasa zima lilicheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Baadaye niliona haya. Ndipo nikatafuta habari zake, nami nazileta kwenu.

Bwana Edward alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa nchi yetu. Kama vijana wengi wa huko wakati ule, aliondoka kwao kutafuta kazi, akafika Tanga kwenye mashamba ya mkonge. Kisha alikwenda Dar es Salaam, akawa mtumishi nyumbani kwa Mwingereza mmoja. Hakusoma chuo chochote cha uchoraji.

Alianza kuchora mwaka 1968 hivi, naye amekwisha kuwa mtu mzima wa miaka 36. Turubai na rangi za wachoraji zilikuwa ghali mno kwake. Basi alitwaa mbao nyembamba za dari, ambazo mafundi huziita silingi bodi, akazikata vipande vya mraba, kiasi cha sentimita 60 kila upande, akazipaka rangi ya kopo, ile ipakwayo baiskeli. Rangi hii hung'aa vizuri sana, lakini ni nzito kukauka. Yambidi mchoraji apake kwanza rangi ya nyuma, angoje, ndipo amweke mnyama, angoje tena, ndipo atie madoa na macho.

Nayajua haya kwa sababu nimejaribu. Wakati wa likizo nilipata kipande cha ubao kilichobaki nyumbani, na fundi baiskeli mmoja wa mjini akanipa masalio ya makopo yake. Nikamchora kiboko, kama wale niliowaona na baba kiangazi kule Katavi, wamebanana katika tope la mto Katuma hata huwezi kujua kichwa hiki ni cha mgongo upi. Lakini sikuwa na subira. Nilitia jicho kabla ya rangi ya kijivu kukauka, nalo likateremka mpaka mdomoni. Ndugu zangu husema kiboko wangu analia.

Wanyama wa Bwana Tingatinga hawana tope wala umati. Mara nyingi ni mmoja tu, chui au tembo au ndege, naye ameujaza ubao wote. Si sura ya kamera, lakini ukimtazama huna shaka ni mnyama gani.

Wako watu wasemao kwamba picha hizi ni za kuuzia wageni tu. Ni kweli aliziuza kwa wageni, nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay. Lakini alikuwa na mke na watoto wawili. Je, wangekula nini? Baadaye alipata kazi katika hospitali ya Muhimbili, na shirika la serikali la sanaa likawa likinunua picha zake, naye hakuacha kuchora. Tena aliwafundisha jamaa zake kazi hiyo, kama Simon Mpata na January Linda. Mtu apendaye fedha peke yake angeificha.

Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi, wakidhani ni mhalifu anayetoroka. Walikosea mtu. Alikufa akiwa na miaka 40 hivi, na kazi yake ya kuchora ilikuwa imedumu miaka minne tu. Nilipofika hapo katika kusoma habari zake nilikifunga kitabu, sikuendelea hata kesho yake.

Wanafunzi wake waliendelea, nao wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wachoraji hao waliunda chama chao cha ushirika. Leo picha za namna hiyo hujulikana mpaka Ujapani, na watu huziita kwa jina lake, Tingatinga.

Mimi nimepata ubao wa pili. Nimeupaka buluu tangu Jumapili, nao bado wanata kidoleni. Kiboko atangoja.