Arctinus wa Miletus na Mfalme wa Waetiopia

Zamani sana kule Miletus, muji wa Wagiriki kando ya bahari (leo pahali pale ni inchi ya Uturuki), alizaliwa muntu jina lake Arctinus, mwana wa Teles. Wagiriki wa kale walihesabu ya kuwa alizaliwa karibu mwaka 744 mbele ya Yesu. Kazi yake ilikuwa kutunga mashairi marefu ya vita. Wengine walisema alikuwa mwanafunzi wa Homer. Ile mimi siishiki sana, sababu kila mutungaji wa zamani walimfanya mutoto ao mwanafunzi wa Homer.

Homer alimaliza Iliad na maziko ya Hector. Arctinus akaanzia palepale. Shairi lake, Aethiopis, lilikuwa na vitabu 5, na njo humo aliingia Memnon, mfalme wa Waetiopia. Kwa Kigiriki jina lile maana yake ni watu wa uso uliounguzwa na jua. Memnon alikuja kusaidia muji wa Troy. Hapana mutumwa, hapana mubeba mizigo: mfalme, na mama yake ni Eos, Alfajiri mwenyewe. Silaha zake zilifuliwa na Hephaestus, mungu wa moto na wa wafua chuma, sawa zile za Achilles.

Akamuua Antilochus, rafiki ya Achilles. Achilles akakasirika, wakapigana, Memnon akaanguka. Eos akamuomba Zeus, naye akamupa mwana wake uzima usiokwisha. Kisha Achilles naye akauawa na Paris na mungu Apollo kwenye mulango wa Troy. Ajax akabeba maiti, Odysseus akazuia adui nyuma yake.

Wakati ule vitabu viliandikwa kwa mukono juu ya mafunjo. Mafunjo yanaoza, lazima kunakili tena na tena. Homer alinakiliwa, Arctinus akaachwa, na leo imebaki mistari kidogo sana. Memnon tunamujua sababu wafinyanzi walimuchora juu ya vyungu, pamoja na askari weusi pembeni yake, na sababu muntu mumoja, Proclus, aliandika habari ile kwa kifupi, hata ukurasa moja haujai. Ndani yake maombi ya Eos ni maneno machache tu: mama aliomba, akapewa. Vile Arctinus alivyomulilisha, hakuna tena.