Jabir bin Hayyan na elimu ya moto

Sisi tuliokulia Muyinga tunalijua tanuru la makaa: magogo hufunikwa udongo, moshi hutoka, na kinachobaki si kuni tena. Hapa Gitega, katika masomo yangu ya dini, nimekutana na mtu aliyeufanya moto huo kuwa elimu.

Jabir bin Hayyan aliishi Kufa, Iraq, karne ya 8. Imepokewa kuwa alisoma kwa Imam Ja'far as-Sadiq, aliyefariki mwaka 148 Hijria. Vitabu vyenye jina lake vinaeleza namna ya kupasha moto nywele ili kupata chumvi ya amonia. Vinagawa vitu kwa jinsi vinavyoukabili moto: vinavyoruka kuwa mvuke, metali zinazofulika, na mawe yanayosagika. Vinataka pia kila sifa ya kitu iwe na mizani yake.

Mizani hiyo ilichelewa. Katika miaka ya 1940, huko Manchester, Michael Szwarc alipasha moto mvuke wa tolueni. Kwa kupima kasi ya kuvunjika kwake katika joto mbalimbali, alikadiria nguvu ya kifungo kati ya kaboni na hidrojeni.

Je, vitabu vyote ni vya Jabir? Ibn an-Nadim, mwaka 377 Hijria, alitaja watu waliokana hata kuwepo kwake, naye akawapinga. Sisi tunaopima isnadi za hadithi, tupime na sifa za wakubwa wetu kabla ya kujigamba nazo. Mjadala haupunguzi thamani ya kazi yenyewe. Allah amrehemu, na awafungulie ndugu zetu walioko maabara.