Roger Needham, mtaalamu aliyehesabu ya kwamba mwizi yuko tayari kwenye waya

Roger Needham, Mwingereza aliyezaliwa Birmingham tarehe 9 Februari 1935, alitumia karibu maisha yake yote ya kazi katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka wa 1958 alimuoa Karen Spärck Jones, naye mtaalamu mkubwa wa kompyuta, na wawili hao walijijengea nyumba kwa mikono yao.

Wakati huo kompyuta moja kubwa ilihudumia watu wengi, na kawaida ilikuwa kuhifadhi ndani yake maneno yao ya siri kama yalivyo. Aliyeiba orodha aliiba yote. Mnamo 1967 Needham alileta wazo la kulisaga kila neno kwa hesabu isiyorudi nyuma, jinsi unga usivyorudi kuwa mahindi. Mwizi akiipata orodha, anakuta unga tu.

Kazi iliyompa jina zaidi ilikuja mwaka wa 1978, pamoja na Mmarekani Michael Schroeder. Kompyuta zilikuwa zimeanza kuunganishwa, na wawili hao walikubali jambo ambalo wengi hawakupenda kulifikiria: adui anaweza kusikiliza kila ujumbe, kuubadilisha, hata kuurudisha kesho yake. Basi kompyuta mbili zisizojuana zitaaminiana namna gani? Jibu lao lilikuwa mtu wa tatu, kompyuta inayoaminiwa na pande zote mbili, ambayo inawapa ufunguo mpya kwa kila mazungumzo. Mfumo wa Kerberos, uliotengenezwa MIT na baadaye kuingizwa katika Windows, ulijengwa juu ya wazo hilo.

Lakini mwaka wa 1981 Dorothy Denning na Giovanni Sacco walionyesha ya kwamba ufunguo wa zamani ulioibwa ungeweza kutumiwa tena. Needham hakununa, mwaka wa 1987 yeye na Schroeder walitoa marekebisho, na mwaka wa 1989, pamoja na Michael Burrows na Martín Abadi, alitunga mantiki ya kupima mapatano ya namna hiyo. Hata mantiki hiyo ilipitwa na tundu moja. Mwaka wa 1995 Gavin Lowe aligundua ya kwamba patano lao jingine la 1978, lenye ujumbe chache tu, lilimruhusu mshiriki halali kujifanya mwingine. Miaka 17 ilikuwa imepita.

Needham aliongoza maabara ya kompyuta ya Cambridge kuanzia 1980 hadi 1995, kisha akaanzisha kituo cha utafiti cha Microsoft mjini humo mwaka wa 1997. Saratani ilimuua tarehe 1 Machi 2003, akiwa na umri wa miaka 68.