Roald Dahl: Muuza mafuta wa Dar es Salaam aliyekwenda kupigana angani

Juni 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya upande wa Uingereza yaliteremka na bonde la Mto Pangani, yakaingia Korogwe na kisha Handeni. Wajerumani walirudi nyuma kuelekea kusini. Miezi mitatu baadaye, tarehe 13 Septemba 1916, mtoto wa kiume alizaliwa huko Cardiff, Wales, kwa wazazi waliotoka Norway. Wakampa jina Roald.

Msikilizaji, huenda jina la Roald Dahl unalifahamu kwa sababu ya mtoto wako anayesoma. Ndiye aliyeandika hadithi ya mtoto Charlie na kiwanda cha chokoleti, iliyosomwa dunia nzima na kufanywa filamu. Lakini kabla ya hadithi za watoto alikuwa rubani wa ndege za kivita, na safari yake ya kwenda vitani ilianzia hapa Tanganyika.

Baba yake alikufa mwaka 1920, Roald akiwa na miaka mitatu. Wiki chache kabla ya hapo dada yake Astri, mwenye miaka saba, alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa kidole tumbo. Mama alibaki na watoto wengi na hakurudi kwao Norway, kwa kuwa mumewe alitaka watoto wasome shule za Kiingereza. Roald alisoma, akachapwa sana viboko (jambo ambalo hakulisahau hadi uzee), na mwaka 1934 akaajiriwa na kampuni ya mafuta ya Shell. Alikataa kwenda chuo kikuu. Alichotaka ni kazi itakayompeleka nchi za mbali.

Mwaka 1938 kampuni ilimleta Dar es Salaam. Alikaa na Waingereza wenzake wawili katika nyumba kubwa ya kampuni nje kidogo ya mji, wakiwa na mpishi na watumishi. Kazi yake ilikuwa kuzunguka nchi kwa gari kuuza mafuta ya mitambo: kwenye migodi, mashamba ya pamba na mashamba ya mkonge. Kwa watu wa Korogwe mkonge hauhitaji maelezo. Miaka ile ulikuwa ndio uchumi wa jimbo zima la Tanga, na mitambo ya kuchakata majani yake isingezunguka bila mafuta ya akina Dahl. Alijifunza Kiswahili akakizungumza, maana bila hicho kazi isingekwenda.

Wenye mashamba wengi walikuwa Wajerumani. Walifukuzwa baada ya vita ya kwanza, lakini kuanzia mwaka 1925 waliruhusiwa kurudi, na wengi wakapata ardhi Tanga na Usambara. Kwa hiyo vita ya pili ilipotangazwa tarehe 3 Septemba 1939, serikali ya Kiingereza ilijikuta inatawala nchi yenye maelfu ya raia wa adui. Amri ilikuwa kuwakamata wanaume wote wa Kijerumani na kuwaweka kambini.

Dahl, mwenye miaka 22, alipewa cheo cha muda katika jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya. Alikabidhiwa kundi la askari na kutumwa kufunga barabara ya kusini, Wajerumani wasitorokee Msumbiji iliyokuwa chini ya Wareno. Yeye hakuwa amewahi kufundishwa jeshi. Askari waliokuwa chini yake ndio waliojua kazi, naye katika maandishi yake hakulificha hilo.

Kutoka siku hizo anasimulia pia habari za mtumishi wake, kijana wa Kinyamwezi aliyeitwa Mdisho, ambaye alikuwa akimfundisha kusoma na kuandika. Anasema usiku wa vita kutangazwa Mdisho alichukua upanga uliotundikwa ukutani, akaenda kumuua Mjerumani mmoja mwenye shamba la mkonge, akidhani ndivyo vita inavyotaka. Mimi kisa hicho sikiamini chote. Dahl alikuwa mtu wa kunogesha, na tutaona mbele kidogo jinsi tabia hiyo ilivyogusa hata habari ya ajali yake mwenyewe.

Nairobi, futi sita na nusu

Novemba 1939 aliacha kazi akaendesha gari peke yake kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi, akajiandikishe katika jeshi la anga la Uingereza, RAF. Ni karibu kilomita elfu moja, na wakati ule hakukuwa na lami ya kutegemea. Anaeleza alivyovushwa Mto Wami, gari likiwa juu ya chelezo na watu wakilivuta kwa kamba. Kutoka Wami kwenda Moshi huwezi kukwepa nchi ya Wazigua, iwe unaikata katikati au unaipita ukingoni. Kwa hiyo kijana huyo mrefu alipita huku kwetu na vumbi lake, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kumkumbuka.

Urefu wake ulikuwa karibu mita mbili, na daktari wa jeshi Nairobi alisitasita kumpitisha. Ndege ya mafunzo, Tiger Moth, ilikuwa wazi juu, na rubani alikingwa upepo kwa kioo kidogo mbele yake. Kichwa cha Dahl kilipita juu ya kioo hicho, upepo ukamjaa puani na mdomoni hata asiweze kuvuta pumzi. Akajifunga kitambaa chepesi cha pamba usoni, na kwa dawa hiyo ya nyumbani akajifunza kuruka. Baada ya saa saba na dakika arobaini za mafunzo aliruhusiwa kurusha ndege peke yake. Aliruka juu ya Bonde la Ufa akitazama twiga na nyumbu chini, na siku hizo alizihesabu kuwa njema kuliko zote alizowahi kuishi.

Vijana waliojifunza pamoja naye Nairobi walikuwa kama kumi na sita. Vita ilipokwisha, waliokuwa hai ni watatu.

Kutoka Nairobi walipelekwa Iraq kwa miezi sita ya mafunzo zaidi, kisha Misri, ambako Waingereza walikuwa wakikabiliana na Waitalia upande wa Libya. Dahl alipangiwa kikosi namba 80. Ndege yake sasa ilikuwa Gladiator, yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, na bunduki nne za rashasha. Ilikuwa ndege nzuri ya kizazi kilichokuwa kinapita. Anasema hakuna aliyemfundisha jinsi ya kupigana nayo. Alipewa ndege na ramani, akaambiwa aende.

Tarehe 19 Septemba 1940 aliruka kwenda kujiunga na kikosi chake jangwani. Alitua mara mbili njiani kujaza mafuta, na kwenye kituo cha mwisho ofisa mmoja alimwonyesha kwenye ramani mahali kikosi kilipo: uwanja mdogo jangwani, kusini ya Mersa Matruh. Alifika hapo jua likiwa linazama. Hapakuwa na uwanja. Hapakuwa na hema wala ndege, ila mchanga na mawe. Alizunguka na kuzunguka, giza likiingia na mafuta yakiisha, hadi akaamua kutua popote. Gurudumu liligonga jiwe, ndege ikachoma pua ardhini.

Fuvu la kichwa lilipasuka. Pua ilibonyea ndani na macho yakavimba yakafunga. Tangi la mafuta lilishika moto, na risasi za ndege yake mwenyewe zikaanza kulipuka kwa joto. Alijifungua mikanda, akajiviringisha mchangani, akatambaa mbali na moto. Askari wa Kiingereza walimkuta usiku huohuo. Alipelekwa hospitali Alexandria, akakaa wiki nyingi bila kuona, asijue kama ataona tena.

Jeshi la anga lilichunguza ajali hiyo, ikaonekana kwamba maelekezo aliyopewa yalikuwa na makosa. Mahali alipotumwa palikuwa katikati ya majeshi mawili, mahali pasipo mwenyewe. Hakuna adui aliyempiga risasi hata moja siku ile. Kijana alikaribia kuungua akiwa hai kwa sababu ya kidole cha mtu kwenye ramani.

Siku moja juu ya Athens

Alitoka hospitali Februari 1941. Wakubwa walikuwa tayari kumrudisha Uingereza kama mgonjwa, yeye akakataa. Kikosi chake kilikuwa kimeshahamia Ugiriki na kubadilishiwa ndege. Sasa walirusha Hurricane, yenye bawa moja, bunduki nane na mwendo unaozidi kilomita 500 kwa saa. Dahl alijifunza kuirusha kwa siku chache tu, kisha Aprili akavuka nayo Bahari ya Mediterania peke yake. Miguu ilikunjwa kwenye chumba kidogo cha rubani kwa saa zaidi ya nne. Alipotua karibu na Athens ilibidi watu wamsaidie kushuka.

Alichokikuta kilimkatisha tamaa. Wajerumani walikuwa wameivamia Ugiriki tarehe 6 Aprili wakiwa na ndege mamia. Waingereza walibaki na Hurricane kama kumi na tano. Karibu na mji wa bandari wa Chalcis, Dahl peke yake alikutana na ndege sita za Kijerumani za kudondosha mabomu, akaangusha moja. Aliporudi kueleza, waliompokea hawakumshangilia. Walikuwa wamechoka, na kila siku meza ya chakula ilipungua watu.

Tarehe 20 Aprili Hurricane kumi na mbili zilipaa pamoja juu ya Athens. Aliyeongoza alikuwa Pat Pattle, mzaliwa wa Afrika Kusini, ambaye wengi wanaamini aliangusha ndege nyingi kuliko rubani yeyote wa upande wa Uingereza katika vita ile. Ndege za Kijerumani ziliwazunguka pande zote. Dahl anaeleza kwamba hapakuwa na muda wa kulenga: unafyatua kinachopita mbele, unageuza shingo, unakwepa mwenzio, na ndege zinakaribiana hata unaona nyuso. Aliporudi ardhini alikuwa amelowa jasho, mikono ikitetemeka asiweze kuwasha sigara. Hurricane tano zilianguka. Marubani wanne walikufa, Pattle akiwa mmoja wao; ndege yake ilitumbukia baharini.

Siku chache baadaye waliobaki walitoroka Ugiriki. Dahl alipigana tena, safari hii akiwa Haifa, dhidi ya ndege za Wafaransa wa serikali ya Vichy waliokuwa Syria. Lakini jeraha la kichwa lilikuwa linadai deni lake. Akiwa angani alishikwa na maumivu makali, na mara nyingine fahamu zilimpotea. Daktari alimzuia kuruka, akarudishwa kwa mama yake. Watafiti waliolinganisha kumbukumbu za pande zote mbili wanamhesabia ndege tano za adui, idadi inayotosha kumwita rubani bingwa.

Mwaka 1942 Uingereza ilimpeleka Washington, kwenye ubalozi wake. Marekani ilikuwa imeingia vitani Desemba 1941. Baadhi ya marubani wake walikuwa wametangulia mapema zaidi, wakajiunga na RAF kwa hiari yao, lakini Wamarekani wengi waliiona vita ya Ulaya kuwa ya watu wengine. Rubani kijana, mrefu, mwenye jeraha, alifaa kuwashawishi. Alialikwa mpaka nyumbani kwa Rais Roosevelt. Pamoja na hayo, alipeleka habari kwa wapelelezi wa nchi yake.

Hapo ndipo alipoanza kuandika. Mwandishi C. S. Forester alimwomba kumbukumbu za vita ili atunge makala. Alipozisoma aliona hazihitaji mkono wake. Zilitoka Agosti 1942 katika jarida kubwa la Saturday Evening Post, na kichwa cha habari kilisema rubani huyo aliangushwa kwa risasi Libya.

Wamarekani wengi waliamini hivyo. Kwa vita, rubani aliyepigwa na adui anafaa kuliko aliyepotezwa na ramani ya wakubwa wake. Unaweza kusema ni uongo mdogo, wa kusaidia upande wa haki. Lakini ukiuruhusu, yule aliyekosea kwenye ramani anatoka safi, na rubani atakayetumwa kesho hana la kujifunza. Katika jeshi lile, tena, marubani walikuwa na kichekesho chao: hitilafu zote za ndege waliwasingizia viumbe wadogo walioitwa gremlini, kama sisi tunavyoweza kumsingizia kinyamkera. Dahl aliandika kitabu cha watoto juu ya viumbe hao, akishirikiana na kampuni ya Walt Disney. Kilitoka 1943.

Miaka iliyofuata ilimletea umaarufu, na misiba pia. Mwaka 1962 binti yake Olivia alikufa kwa surua iliyopanda kwenye ubongo. Alikuwa na miaka saba, umri uleule wa Astri. Chanjo ya surua ilipopatikana, Dahl aliandika kuwahimiza wazazi wasiwanyime watoto wao kinga ambayo yeye hakuwahi kuipata kwa wake. Hakuwa mtu mwema kwa kila jambo: alitoa maneno mabaya juu ya Wayahudi, na mwaka 2020 familia yake iliomba radhi kwa niaba yake.

Mwaka 1986, akikaribia miaka 70, alitoa kitabu juu ya maisha yake ya Tanganyika na vitani. Mumo ndimo alipokiri waziwazi kwamba hakuangushwa na mtu, kwamba alielekezwa vibaya na mafuta yakaisha. Maneno ya Kiswahili aliyojifunza Dar es Salaam miaka karibu hamsini kabla yamo pia kitabuni humo. Alifariki Oxford tarehe 23 Novemba 1990, akazikwa katika kijiji cha Great Missenden alikoishi.